Mwanangu, kwenye hilo kopo maji usitie

Mwanangu mpendwa,

Voisi yako niliisikia jana usiku nikiwa nimeshapanda kitandani, nikairudia tena asubuhi maana mjukuu wangu alikuwa analia huko nyuma nusu ya maneno sikuyapata. Nimeelewa hivi, mtoto ana miezi mitatu, mashavu yamekauka na kwenye ugoko kumekuwa kama kumenyunyiziwa unga, baridi ya Arusha ya mwezi huu wa saba haina huruma, losheni za dukani unaziogopa kwa sababu ya pafyumu, alafu umeona video ya dada mmoja anasaga parachichi na asali na maji ya waridi na limau kidogo anachanganya na mafuta ya nazi anasema hiyo ndo losheni asilia ya mtoto. Unauliza, mama nifanye hiyo au unayo yako?

Ninayo yangu. Hiyo ya video achana nayo kabisaa, na nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu wewe ukipigiwa unasema "sawa mama, sawa mama" ukikata unafanya unavyojua.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Mwaka 1996 ulipokuwa na miezi miwili, tukikaa bado Majengo, mimi mwalimu wa sayansi kimu mzima na cheti changu ukutani nilikutengenezea losheni. Nilikata jani la shubiri pale uani nikakwangua ule ute, nikachanganya na mafuta ya nazi na maji niliyoyachemsha mwenyewe, nikapiga na mchapo wa mayai mpaka ikawa nyeupe nzuri inavutia, nikaijaza kwenye chupa ya jamu nikaiweka dirishani. Nilijisifu mpaka nikawapelekea walimu wenzangu wawili. Siku ya nne ukifungua inanuka kama maziwa yaliyolala. Nikasema ni shubiri tu hiyo. Siku ya sita nimeshakupaka asubuhi, nageuza kifuniko nakuta kwa ndani kuna vidoti vya kijivu vina manyoya, ukungu kabisa, na jioni yake shingo yako imejaa vipele vyekundu vyenye usaha. Nikakufunga mgongoni mpaka kliniki. Nesi aliinama akanusa shingo yako, akaniuliza umempaka nini mama, nikasema mafuta ya nazi matupu. Nilidanganya, na yeye alijua nadanganya, akaniambia kwenye hicho ulichompaka kulikuwa na maji. Ile aibu ninayo mpaka leo.

Sasa sikiliza kwa nini. Losheni ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa nyumba moja, kama mayonizi vile mafuta na siki vinavyoshikana kwa sababu ya kiini cha yai. Kiwandani wanatia kitu cha kuvishikanisha alafu wanatia na dawa ya kuzuia kuoza, maana penye maji vijidudu vinazaliana, na ukiongeza parachichi na asali ndo umewapikia pilau. Kuchemsha maji hakusaidii sana, chupa ikishafunguliwa na kidole kikaingia basi vimeingia. Friji inachelewesha tu. Kwaiyo tukitengeneza sisi jikoni hatutengenezi losheni, tunatengeneza mafuta ya mgando yasiyo na tone la maji. Mafuta matupu vijidudu haviwezi kuyakalia hivi hivi, yatachacha baada ya miezi lakini hayataota manyoya.

Alafu hiyo asali na limau. Asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu tumboni mwake mtoto akalegea mwili mzima, na wewe ukimpaka mashavuni ujue mkono wake unaenda wapi baada ya hapo, ni mdomoni. Limau likikaa kwenye ngozi likapigwa na jua linaunguza, linaacha alama nyeusi. Na nahisi limau limewekwa pale ili mtoto "atakate", mjukuu wangu ametakata vya kutosha, rangi yake ni ya baba yangu, mwacheni nayo.

Haya, yangu ni hii. Mafuta ya nazi nusu kikombe, mafuta ya alizeti robo kikombe, nta ya nyuki gramu 20, kama huna mzani ni kipande kinachopungua kidogo tu kwenye ukubwa wa kiboksi cha kiberiti. Basi.

Mafuta ya nazi natengeneza mwenyewe, nazi nachukua Mbuyuni asubuhi mapema zile zinazotoka Tanga, unaitikisa usikie maji yanacheza ndani na unaangalia yale macho matatu yasiwe na unyevu. Nakuna kwa mbuzi, nakamua tui zito, nalifunika mpaka kesho yake, asubuhi ule mtindi wa juu umekaa peke yake kama kofia, nauengua naweka kwenye sufuria moto mdogo sana. Hapo ndo uvumilivu. Inachemka kwanza na kelele nyingi, prrr prrr, hayo ni maji yanatoka, unakoroga, unakoroga, baada ya muda kelele zinapungua na unaona mashapo yanaanza kuwa ya kahawia na mafuta yanang'aa juu yake. Kelele zikiisha kabisa maji yameisha, epua hapo hapo ukichelewa yananuka moshi. Nazi tano kubwa zinanipa kama kikombe cha chai, saa nyingine hakijai. Yale mashapo mdogo wako anayala na sukari, ila hayo ni mambo yake.

Ukinunua ni sawa pia, ila usione yameganda ukadhani umeuziwa mafuta ya kupikia. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa Arusha sa hivi yataganda kabatini kwako hata mchana. Alizeti chukua ile ile ya jikoni, ya Singida, ilimradi isiwe imefunguliwa siku nyingi, ukinusa ikawa na harufu kama ya rangi ya mlango imeshachacha. Nta ndo ya kuangalia, mtu anaweza kukuuzia mshumaa. Nta ya kweli inanukia asali hata ikiwa baridi. Mimi naiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto naiacha igande juu, asali na uchafu vinabaki chini, naukwangua ule upande wa chini kwa kisu, alafu naianika kivulini siku mbili mpaka ikauke kabisa. Siku mbili mama, sio masaa mawili.

Kuyeyusha usiweke nta juu ya moto moja kwa moja, inashika moto. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, nta inayeyuka nyuzi 62 mpaka 64 wala maji hayahitaji kutokota. Ikishayeyuka mimina mafuta, koroga, dondoshea tone kwenye sahani ya baridi subiri kidogo uguse. Ikiwa ngumu kama kiwi ya viatu ongeza alizeti, ikiteleza ongeza nta kidogo. Makopo uyachemshe na uyakaushe juani mpaka ndani pasiwe na hata jasho, na ukichota tumia kijiko kikavu, sio vidole vimetoka kuogesha mtoto. Andika tarehe juu, miezi mitatu ikiisha yaliyobaki paka visigino vyako.

Kabla ya kumpaka mwili mzima paka kidogo kwenye mkono upande wa ndani uangalie mpaka kesho yake au keshokutwa. Alafu muda wa kupaka ni akitoka tu kuoga, unamkausha kwa kumgusagusa na taulo, sio kusugua, ngozi ikiwa bado na unyevu unyevu ndo unapaka, kidogo, ukubwa wa punje ya hindi unatosha mguu mzima. Mashavu na ugoko. Shingoni na mapajani kwenye mikunjo acha pawe pakavu. Na kuoga kwenyewe dakika tano zinatosha, maji ya vuguvugu, kwa baridi hiyo sio lazima kila siku. Najua huko wanamvalisha masweta matatu na kofia na shali, akitoka jasho atapata vipele vya joto alafu mtasema ni mafuta ya bibi.

Mama mkwe wako amekuambia mafuta ya zeituni, umeniambia kwa sauti ya chini kama anakusikia. Mimi namheshimu sana na kwenye maombi ayatumie, ila kwa ngozi ya mtoto mimi siyataki. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield kule Uingereza waliwapaka watu wazima zeituni mkono huu na alizeti mkono huu kwa wiki nne, upande wa zeituni ukuta wa ngozi ukadhoofika, wa alizeti haukudhoofika. Usimwambie nimesema mimi. Mwambie yameisha.

Mkaratusi, minti, kafuri, na ile ya kuchua kifua ya watu wazima isimguse kabisa, mtoto mdogo vinaweza kumbana pumzi. Mafuta ya karanga nayo acha.

Na usinichukulie kwamba bila mafuta yangu mtoto ataharibika. Hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2022 wamesema mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa miezi yake hana haja ya kupakwa mafuta kila siku kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya ngozi. Paka palipokauka. Ukiona panatoa maji, au pana ganda la njano, au anajikuna mpaka halali, au ana homa, hapo weka kopo chini nenda kliniki. Na usipitie duka la dawa kuchukua ile krimu ya tyubu ambayo kila mtu anaambiwa inatibu kila kitu, nyingi zina steroidi kali, ile dawa ya kutuliza uvimbe ambayo ikitumika ovyo inakondesha ngozi, kwa mashavu ya mtoto mpaka daktari aseme mwenyewe.

Nimetengeneza makopo mawili, nayaweka kwenye basi la Jumamosi la saa mbili asubuhi, kondakta ntampa namba yako, mtoe baba mtoto akasubiri stendi usitoke wewe na mtoto kwenye baridi. Yako ndani ya ndoo ya bluu chini ya ndizi, nimeyafunga na kanga, nayo ni ya mtoto, nimeshaifua mara mbili. Ndizi ni za mtori, wewe unanyonyesha, usigawe nusu kwa majirani kama mara ile. Ukipokea nipigie, ila sio saa kumi, saa kumi nipo jumuiya.

Mama yako
Moshi