Maswali ya wasomaji: Nishati safi katika chumba cha kupanga

SWALI: Mshauri, salaam. Ninaishi na watoto wangu watatu katika chumba kimoja cha kupanga Sombetini, jijini Arusha, na riziki yangu ni kuuza mboga katika Soko la Kilombero. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akaniuliza kwa nini bado tunapikia mkaa ilhali wamefundishwa kwamba unamaliza misitu, nami nikakosa la kumjibu. Kila siku ninanunua mkaa wa shilingi 1,000, na siku ya makande ninaongeza. Kujaza mtungi mdogo wa gesi kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, fedha ambayo haikai mkononi mwangu, kwa sababu ninadunduliza kodi ambayo mwenye nyumba huidai ya miezi sita kwa pamoja. Jiko la umeme amelipiga marufuku, kwa kuwa wapangaji wanne tunatumia LUKU moja. Je, kutunza mazingira ni jambo la wenye nacho?
Mama wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Dada yangu, binti yako amefundishwa jambo la kweli, lakini hukumu yake isikuangukie wewe. Familia ya watu wanne inayoishi katika chumba kimoja, inayokwenda sokoni kwa miguu au kwa daladala na kushona nguo iliyochanika badala ya kuitupa, inatumia nishati kidogo mno ikilinganishwa na nyumba yenye magari mawili na hita ya maji inayowaka kutwa. Mweleze hivyo, naye ataelewa.

Sasa tutazame hesabu yako. Shilingi 1,000 kwa siku ni shilingi 30,000 kwa mwezi, nayo inazidi gharama ya kujaza mtungi ulioutaja. Kinachokushinda, basi, ni kuipata fedha hiyo kwa wakati mmoja, baada ya kodi ya miezi sita kumeza kila akiba. Ndiyo maana ninaona inafaa wewe na wenzako sokoni mcheze upatu wa gesi, kila wiki mmoja wenu ajaze mtungi. Hata hivyo, mtungi wa kilo 6 hautamaliza mwezi ukipikia maharage na mahindi kwa saa tatu. Loweka makande usiku kucha, yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, kisha funika sufuria, uizungushie blanketi kuukuu ndani ya kapu na kuiacha iendelee kuiva kwa joto lake yenyewe; jioni utahitaji moto mdogo tu wa kumalizia. Gesi hiyo nayo hutokana na mafuta na gesi ya ardhini, kwa hiyo si safi kwa ukamilifu, lakini haikati miti wala haijazi moshi katika mapafu ya watoto.

Suala la LUKU ndilo linaloniuma zaidi. Mteja mdogo wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa bei iliyo chini sana kwa kila uniti kuliko mteja wa kawaida. Kaya nne zinazotumia uniti 25 kila moja zingestahili bei hiyo zote, lakini zikiunganishwa katika mita moja zinafikisha uniti 100 na kuupoteza unafuu uliowekwa kwa ajili ya watu wa kipato chao. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, nawe umezuiwa kuitumia kwa sababu hakuna awezaye kujua nani ametumia kiasi gani. Mwombeni mwenye nyumba, wapangaji wote wanne kwa pamoja, aruhusu mita ndogo ya kila chumba ili ugomvi wa matumizi uishe, na aulize katika ofisi ya TANESCO masharti ya kupata mita kamili zinazojitegemea, maana hizo ndizo zitakazowarudishia bei nafuu.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nionavyo, lengo hilo halitafikiwa mijini kwa kugawa mitungi peke yake, bila kugusa mikataba ya upangaji.

Jambo moja halisubiri fedha: katika baridi ya Juni na Julai, usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huua.

SWALI: Nina nyumba ya vyumba sita Pasua, Moshi. Wapangaji wanataka mita ya kila chumba na tangi la maji ya mvua. Gharama ni yangu, faida ni yao. Kwa nini nikubali?
Mwenye nyumba, Moshi

JIBU: Mzee wangu, swali lako ni la haki, na ndicho kiini cha tatizo la dada wa Sombetini: anayelipia matengenezo siye anayepunguziwa bili. Andikeni makubaliano kwamba sehemu ya kodi wanayokutangulizia itanunua mita na tangi, nawe usipandishe kodi kwa muda mtakaoutaja. Anza na tangi, kabla ya masika ya Machi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita 1, hivyo bati la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,600, ingawa kiasi fulani hupotea. Maji hayo yanatosha kufulia na kudekia, na mpangaji anayeyapata uani hana sababu ya kuhama, nawe huna chumba kinachokaa kitupu.