Mgeni aambiwe kiti kinapatikanaje

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: timu ya chuo ikipokea wachezaji wapya mwanzoni mwa msimu, ni jambo gani moja lisilopaswa kukosekana siku ya kwanza? Mmeturuhusu kuchagua mchezo wowote. Mimi nachagua makasia, kwa kuwa ndio mchezo uliokula ujana wangu: nilikuwa mshika usukani kwenye timu ya wanawake ya chuo kimoja Marekani, kisha nikabaki kumsaidia kocha wa wanaoanza. Jibu langu ni hili. Mgeni aelezwe, waziwazi na siku hiyohiyo, kiti kwenye mashua kinapatikana vipi na kinapotea vipi. Fulana zenye nembo, keki na hotuba ya mkurugenzi wa michezo vyote vinaweza kusubiri.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo: mashua ya watu wanane ni nyembamba mno, urefu wake unakaribia mita 18, na kwa kanuni za kimataifa uzito wake hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 96. Kila mpigaji ana kasia moja refu, wakipishana kushoto na kulia, na wote wameipa omo, yaani mbele ya chombo, mgongo. Anayeona mashua inakokwenda ni mmoja tu, mshika usukani, ambaye hapigi kasia. Viti vina magurudumu madogo, vinateleza kwenye reli fupi, ndiyo maana nguvu kubwa hutoka miguuni wala si mikononi kama watu wanavyodhani. Kuanzia Septemba hadi Novemba timu hushindana mbio ndefu ambazo mashua huondoka mojamoja zikishindana na saa, kama ile ya Head of the Charles mjini Boston, iliyoanza mwaka 1965. Machi hadi mapema Juni ndio wakati wa mbio za mita 2,000, mashua sambamba, dakika sita hivi za mateso.

Wageni huwa wa aina mbili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kuna walioalikwa: wamepiga makasia sekondari au kwenye klabu, wengine wametoka ng'ambo, kocha amekuwa akifuatilia muda wao kwa miaka, na baadhi wana ufadhili wa masomo. Halafu kuna wale waliokuwa wakijipitia zao wiki ya kwanza ya masomo, wakasimamishwa na mtu aliyewapima kwa macho kuanzia unyayo hadi utosi, akawauliza wana urefu gani. Hawa hawajawahi kugusa kasia, na wapo timuni kwa sababu ya hesabu. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vilivyokuwa na vikosi vikubwa vya wanaume kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani vilihitaji mchezo wa wanawake unaobeba watu wengi kwa mkupuo, na mashua moja ya wanane humeza tisa. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianzisha ubingwa wa makasia kwa wanawake mwaka 1997. (Wanaume, ajabu, hawamo NCAA kwa mchezo huu. Wao wana mashindano yao ya IRA, chama cha makasia cha vyuo, yaliyoanza mwaka 1895.) Sekondari zinazofundisha makasia hazikutosha kuzijaza timu zote hizo, ndipo makocha wakaanza kuvizia warefu vijiani.

Na si wa kudharauliwa. Anita DeFrantz aliingia Connecticut College bila kuujua mchezo huu. Kocha alimkuta akiitazama mashua, akamkaribisha. Mwaka 1976, Olimpiki ya Montreal ilipowaruhusu wanawake kushindana makasia kwa mara ya kwanza, alikuwa kwenye mashua ya wanane ya Marekani iliyopata shaba. Miaka kumi baadaye akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Susan Francia naye alianzia chuoni, University of Pennsylvania, na ana dhahabu mbili za Olimpiki, Beijing 2008 na London 2012, zote za mashua ya wanane.

Hadithi hizo ndizo kocha husimulia siku ya mapokezi, na ndipo ugomvi wangu unapoanza. Walioalikwa na waliookotwa njiani wanakaa ukumbi mmoja, wanaambiwa kwa sauti tamu kwamba kila mtu ana nafasi. Kweli, anayo. Lakini nafasi ya nini, inapimwa na nani, na lini? Hapo kimya. Na siku hizi kimya hicho kina gharama zaidi, maana tangu mwaka wa masomo 2025–26 vyuo vya daraja la kwanza la NCAA vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, ile ya wanamichezo waliodai malipo, vimewekewa kikomo cha watu 68 kwa timu ya makasia ya wanawake. Kocha anayejua kwamba ifikapo majira ya baridi atapunguza watu, na bado anasambaza fulana kwa ukumbi mzima huku anatabasamu, hajamkaribisha mtu.

Nieleze basi kile ambacho ningependa wageni waambiwe.

Kwanza kuna ergometa, mashine ya kupigia makasia nchi kavu. Unavuta mpini, gurudumu lenye mapezi linazunguka, kioo kidogo kinakuonyesha muda wako kwa kila mita 500. Jaribio linaloogopwa ni la mita 2,000, na matokeo hubandikwa ukutani kila mtu ayasome. Namba hiyo inafungua mlango. Asiye na nguvu hafiki mbali, na hakuna sababu ya kumficha mgeni jambo hilo. Ila ergometa imekaa sakafuni, haiyumbi, haina mwenzako nyuma wala mbele. Inakupima wewe peke yako, na mashua haijali wewe peke yako una nini.

Majini kinachowaumbua wengi ni haraka. Baada ya kuvuta, mpigaji hukunja magoti na kuteleza kurudi upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, ili apige tena. Chukua wapigaji wanane wa kilo 75 kila mmoja: kilo 600 zinazotembea juu ya chombo cha kilo 100 hivi. Wakiteleza taratibu na kwa pamoja, mashua inakimbia chini yao, unasikia maji yakichemka mbavuni mwake. Mmoja akiharakisha na kugonga mwisho wa reli, uzito wake unaisukuma mashua irudi ilikotoka, na usukani unanishtukia mkononi. Nilikuwa namjua mwenye kosa bila kuinua macho. Mgeni mwenye misuli mara nyingi ndiye huyo, kwa sababu ergometa imemfundisha kwamba bidii ni kwenda mbio.

Ndiyo maana kocha hamalizi kazi bila mbio za viti. Hapa ningependa wageni wasimuliwe hatua kwa hatua, kwa sababu hakuna kitu kinachowavunja moyo kama kukutana nazo bila onyo. Mashua mbili za watu wanne zinasimama ubavu kwa ubavu. Zinashindana dakika chache, idadi ya mapigo kwa dakika ikiwa imekubaliwa ili asiwepo wa kudanganya. Tuseme ya kwanza inashinda kwa urefu wa mashua moja. Kocha, kwenye boti ya injini, anainua kipaza sauti na kutaja majina mawili, hana la kuongeza. Mashua zinavutwa karibu, wengine wanazishika zisiachane, wale wawili wanainuka nusu wima, kila mmoja anaweka mguu kwenye mashua ya mwenzake, wanabadilishana viti katikati ya maji. Anayekaa analegeza kamba za viatu vilivyofungwa ndani ya mashua, viatu bado vina joto la mwenzake. Hakuna anayesema neno. Mbio inarudiwa. Mashua ya kwanza ikishinda sasa kwa urefu wa mbili, maana yake aliyehamia humo amemzidi aliyetoka kwa urefu mmoja. Hata kama kwenye ergometa yuko nyuma yake kwa sekunde kumi.

Ukilielewa hilo mapema, ni kipimo cha haki kuliko vyote ninavyovijua katika michezo. Usipoelezwa, unapoitwa jina lako katikati ya ziwa asubuhi ya baridi, unajiona umeadhibiwa mbele za watu. Nimewaona wasichana hodari wakiacha timu wiki hiyohiyo kwa kudhani kuwa kuhamishwa ni kufukuzwa, kumbe kocha alikuwa anapima mtu mwingine kabisa na wao walikuwa rula tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye makasia jembe hutolewa saa ya kwanza, na nadhani ni vizuri. Kabla hajapiga kasia hata moja, mgeni anafundishwa kuibeba mashua: wanane wanaipanga mabegani, mshika usukani anaamuru, hakuna anayetangulia kushusha. Anapimwa kuogelea. Anaambiwa mashua ikipinduka asiiache, inaelea, aishikilie mpaka boti ya kocha ifike. Wiki za mwanzo wanapiga wanne tu, wengine wanne wakiwa wamelaza makasia juu ya maji ili chombo kisiyumbe. Kuna timu zinazowatenga wageni na mashua zao mpaka Krismasi. Sikubaliani nazo. Mpe mgeni angalau asubuhi moja kwa wiki nyuma ya mgongo wa mzoefu. Mwendo wa mgongo huo utamfundisha mambo ambayo kipaza sauti cha kocha hakiyawezi.

Kuhusu kuwatesa wageni kwa jina la mila, kuwalewesha, kuwadhalilisha usiku, sina maelezo marefu. Ni marufuku vyuoni, na timu inayokuhitaji uaibike ndipo ikupende haina mashua ya kukufaa.

Mapokezi pia ni mahali. Mwaka 1976 wanawake wa makasia wa Yale walikuwa wakimaliza mazoezi wamelowa, kisha wanakaa ndani ya basi wakitetemeka huku wanaume wakioga maji ya moto, kwa kuwa nyumba ya mashua haikuwa na bafu la wanawake. Machi 3 mwaka huo, nahodha wao Chris Ernst aliongoza wenzake, jumla yao 19, hadi ofisi ya wakuu wa michezo ya chuo. Wakavua nguo, miili yao imeandikwa Title IX, naye akasoma tamko lao. Mwandishi wa New York Times alikuwepo. Bafu lilijengwa. Ernst mwenyewe alikwenda Olimpiki mwaka huohuo. Kwa hiyo kocha anaposema kwamba kila mtu hapa ni sawa, mgeni ana haki ya kuuliza nani anapata mashua mpya na nani anapewa iliyochoka.

Wasisahaulike washika usukani wapya, ambao kwa kawaida hupewa kipaza sauti cha kichwani na kuambiwa wapige kelele. Kelele si kazi yao. Kazi yao ni kwenda mwendo ulionyooka, kulinda chombo na watu, kusema kinachotokea na kunyamaza pasipo na la kusema. Mwaka 1981 Sue Brown alikuwa mwanamke wa kwanza kushika usukani katika mbio za Oxford na Cambridge kwenye mto Thames, na Oxford ikashinda. Waelezwe hao pia kwamba nao wanapimwa: wapigaji hupiga kura ya siri wakisema wangependa kuongozwa na nani. Si kila timu hufanya hivyo, lakini zinazofanya zinapaswa kulitamka mwanzoni.

Na wale watakaokosa nafasi waambiwe ana kwa ana, kabla majina hayajabandikwa, na kocha mwenyewe, si mimi msaidizi. Awaonyeshe namba zao, awaambie mbio ipi ya viti iliamua, na kama kuna klabu ya makasia jirani inayopokea watu, awape jina la mtu wa kumtafuta. Wengi hurudi msimu unaofuata wakiwa wamejua la kufanyia kazi. Asiyeelezwa kitu harudi, na huwa harudishi hata fulana.