Invata ya mashine ya kusaga inazima kila mchana: tatizo ni joto au vumbi?

Swali: Nina mashine ya kusaga mahindi Manzese. Mota ni ya kilowati 15, inaendeshwa na invata (kifaa cha umeme kinachodhibiti kasi ya mota) iliyo ndani ya kabati la chuma. Ikifika saa sita mchana invata inazima na kuonyesha hitilafu ya joto. Tulifungua mlango wa kabati na kuielekezea feni ya kusimama. Ilitulia wiki mbili, sasa inazima mara nyingi kuliko mwanzo. Tununue invata kubwa zaidi au kiyoyozi cha kabati?

Jibu: Ndugu, kwanza funga huo mlango. Feni yako inapuliza unga moja kwa moja kwenye mapezi ya alumini yaliyo nyuma ya invata, yale yanayotoa joto lake. Kwa unyevu wa Dar es Salaam unga huo haubaki mkavu; unashika kama uji uliokaukia sufuriani, na mapezi yakishaziba hewa haipiti tena. Wiki mbili zile ndio muda uliotosha kuyaziba. Invata kubwa zaidi itameza unga uleule.

Usafishe hivi. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye invata, mara nyingi dakika 5 hadi 15. Kapasita zake (sehemu zinazohifadhi umeme) hubaki na zaidi ya volti 500 hata umeme ukiwa umekatwa, na volti hizo zinaua. Pima kwa mita kati ya vituo vya DC+ na DC-. Usiguse kitu kabla haijashuka chini ya volti 50. Kwaruza mapezi kwa brashi laini huku ukifyonza vumbi kwa mashine ya kufyonzea. Kompresa siipendekezi: inatema maji kwenye bodi, tena inarusha unga hewani, na wingu la unga likikutana na cheche linalipuka. Ukimaliza, zungusha feni ya invata kwa kidole. Ikikwaruza au kuyumba, badilisha kwa feni ya volti zilezile zilizoandikwa kwenye lebo yake.

Sasa kabati. Invata hugeuza takriban asilimia 3 ya nguvu kuwa joto, hivyo yako inatoa kama wati 450 ndani ya kabati lililofungwa. Invata nyingi zimepimwa kwa hewa ya digrii 40. Ikizidi hapo inabidi zipunguziwe mzigo. Tuseme chumba chako mchana kina digrii 36 na hutaki kabati lipite 40, tofauti ya digrii 4. Hesabu ya hewa ya kupitisha ni 3.1 × wati 450 ÷ digrii 4, yaani karibu mita za ujazo 350 kwa saa. Unaponunua feni ya kabati, angalia kiasi inachopitisha ikiwa na chujio. Kile cha bila chujio ni kikubwa na kitakudanganya. Ifunge chini ikiingiza hewa, na tundu la kutokea liwe juu, nalo lina chujio. Ikisukuma hewa ndani, vumbi haliingii kwenye nyufa. Matundu yote ya nyaya yazibwe kwa glendi (vizibo vinavyobana waya), na juu na chini ya invata acha angalau sentimita 10 wazi.

Kama kuna chumba cha pembeni kisicho na unga, hamishia kabati huko. Hiyo ndiyo dawa bora kuliko zote nilizotaja. La sivyo, chujio lisafishwe kila wiki, na lioshwe nje ya chumba likauke kabisa.

Kiyoyozi kinafaa tu kwa kabati lililozibwa vizuri, na kiwekwe digrii 35. Ukikiweka 20, siku utakapofungua mlango hewa ya pwani itatoa umande juu ya bodi baridi, na hapo utapoteza invata yenyewe.

Angalia pia mpangilio wa frikwensi ya karia, yaani kasi ambayo invata inawasha na kuzima umeme ndani yake. Ikiwa iko kilohezi 8 au zaidi, ishushe hadi 4. Mota italia kidogo, lakini invata itapoa.

Ukishafanya yote hayo na bado inazima, pima ampea za mota ikiwa na mzigo. Zikipita zilizoandikwa kwenye bamba lake, geukia kinu: chekecho limeziba, au nyundo zimeisha.