Kabla hujampigia mtu Linux, soma ukubwa wa diski

Jumamosi nilikuwa Kariakoo dukani kwa jamaa yangu, nimekaa pembeni nasubiri chaja, mara naona madogo wawili wamefungua laptopu ya mwanafunzi wa chuo, HP EliteBook 840 G3, wanampigia Linux Mint, yaani wanamwekea mfumo wa Linux badala ya Windows. Nikafurahi kwelikweli, maana zamani ukitaja Linux mtaani watu wanakuona una mambo mengi. Furaha ikakata pale walipofika kwenye kuchagua diski, dogo mmoja akamwambia mwenzake "weka tu ya juu, ya kwanza ndo yenyewe". Nilimshika mkono. Sikumshika kwa upole na nilimwomba radhi baadaye, lakini hayo maneno nayajua, niliyasema mwenyewe kichwani mwaka 2019 na aliyeumia alikuwa mtu mwingine.

Sasa naandika hapa kwa ajili yenu nyie mnaoanza kuwahamisha watu wa kawaida kutoka Windows. Najua kwa nini mmekuwa wengi ghafla. Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha 8, na mashine zilizojaa mtaani kwetu ni used za kutoka nje, 840 G1, G2, G3, ThinkPad T440, Latitude za E, zote hazifiki hapo. Mashine nzima, kioo kizima, RAM 8, halafu mtu anaambiwa atafute nyingine. Hapo Linux ina kazi ya kweli kabisa, kwa hiyo ifanyeni kazi yenyewe kwa adabu.

1. Uliza mtu anafanya kazi gani, RAM utauliza baadaye.

Mkaeni na mteja dakika kumi. Akiwa mhasibu anatumia Tally, au mpiga picha anaishi ndani ya Photoshop, au ana Excel yenye makro ambazo aliandikiwa na mtu ambaye keshahama mji, usimfutie Windows, mwekee zote mbili akichagua wakati wa kuwasha, au mwache alivyo. Akiwa mtu wa barua, intaneti, YouTube na kuprinti, huyo ni wako. Madogo wengi mnaona mashine nzito mnakimbilia kumpigia Mint Xfce, ile Mint nyepesi, mteja anafika nyumbani ndo anagundua kile kitu kimoja anacholia nacho ugali hakipo. Hasira zake zote zinakwenda kwa Linux, na jina lako linakwenda nazo.

2. Washa laivu kwanza.

Laivu ni Linux inayowaka kutoka kwenye flashi: ile uliyotengeneza na programu ya Ventoy au Rufus inabuti bila kugusa diski, sasa kwa nini unaruka hiyo hatua? Kaa humo humo ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera, tachipedi, mwanga wa kioo, na printa ya mteja mwenyewe kama anaweza kuja nayo. Wi-Fi ya Broadcom ikikugomea chomeka simu kwa waya washa hotspoti ya USB, utapata neti ya kushushia draiva. Printa za HP ndogo kama P1102 zinataka hp-plugin, na hiyo plugin inashushwa mtandaoni, kwa hiyo hakikisha una bando kabla hujaenda kwa mtu.

3. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya kazi za mtu, na hapa naomba mtulie mnisikilize.

Kulikuwa na mama mmoja ana steshenari Mbagala. Kompyuta yake ilikuwa Dell OptiPlex 3020, ya mezani, diski ya 500, Windows kwenye C na kazi zake zote kwenye D. Tatizo lake lilikuwa flashi za wateja. Si mnajua steshenari, wanafunzi wanakuja na flashi zimetoka kompyuta ishirini, anachomeka, folda zote zinageuka shotikati, mteja analalamika "mama umenifutia kazi yangu". Siku moja nikaenda na laptopu yangu yenye Mint, nikachomeka moja ya hizo flashi, faili zote zikaonekana pale pale maana kile kirusi kilikuwa kimezificha tu na Linux haijali hiyo alama ya kuficha. Mama aliita watu waje kuona. Akasema "mwanangu, mimi nataka hii". Alinunua SSD, diski mpya ya kasi, ya 128 kwa hela yake, nakumbuka alizitoa noti kwenye kifundo cha kanga akazihesabu mara mbili.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Linux naiweka kwenye SSD mpya, ile diski ya 500 siigusi kabisa, inabaki ndani na kazi zake. Na kwa sababu siigusi, nikajiambia bakapu ya nini? Hilo ndo kosa lenyewe, wadogo zangu, mengine yote yalifuata baada ya hapo. Sikufanya uzembe wa kusahau. Nilifikiri, nikajipa sababu inayoonekana ya akili, nikaruka hatua.

Nikachomeka SSD kwenye mlango wa pili wa SATA, ule wa kuunganishia diski, kwa sababu wa kwanza ulikuwa na diski ya zamani na sikutaka kuhangaika na waya. Nikabuti flashi, nikafika kwenye kuchagua, nikaweka ile ya kufuta diski nzima. Kisanduku cha diski kikanionyesha sda, jina ambalo Linux inaipa diski. Kwenye laptopu yangu mimi sda ilikuwa SSD, kila siku naiona hivyo, jicho langu likaona sda likaishia hapo. Pembeni yake, mstari huo huo, imeandikwa 500.1 GB. Imeandikwa kabisa! Ningesoma herufi kumi zaidi kuelekea kulia mama yule asingelia. Ikaja ile ya kuniuliza mara ya mwisho kama kweli niandike kwenye diski, inaorodhesha partisheni, yaani vipande vya diski, zinazokwenda kuguswa, nikabonyeza kuendelea huku namjibu mtu kuhusu bei ya laminesheni.

Ikamaliza, ikawaka, nikaona inachelewa kidogo kwa SSD lakini nikasema labda mara ya kwanza. Nikaanza kuweka apdeti. Apdeti! Yaani dakika zaidi ya arobaini naendelea kuandika juu ya kazi za mtu. Mama akaja na mteja wa katiba ya kikoba, akasema "fundi, nifungulie folda ya vikundi". Nikafungua programu ya kuonyesha diski kutafuta ile ya pili. Iko pale, 128 GB, tupu, haijawahi kuguswa.

Mikono ikanipoa. Na nifanye toba ya pili hapa hapa, sikumwambia ukweli. Nilimwambia "mama, zinakuja, bado inapanga". Nikakaa pale karibu saa nzima najifanya nabonyeza vitu. Alikuwa na mitihani ya shule mbili za jirani ya miaka tisa, mikataba ya viwanja, programu za mahafali, na taarifa za misiba ya karibu mtaa mzima, maana mtu akifiwa pale kwa mama ndo wanakuja kuchapa ratiba ya mazishi. Mwishowe nilimwambia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniuliza "na picha za marehemu mume wangu?" Nilikuwa sijui hata kama kulikuwa na picha.

Nilibeba ile diski nyumbani nikaikalisha na PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutika, usiku tatu, naokolea kwenye diski nyingine. PhotoRec inarudisha vitu lakini haina majina, unapata f namba ndefu nukta doc, f namba ndefu nukta jpg, zaidi ya faili elfu nne, nyingine zimekatika, nyingine ni vipicha vya tovuti alizowahi kufungua. Mimi na binti yake tulizifungua moja moja kwa wiki kadhaa jioni, tunasoma mstari wa kwanza, tunaipa jina, tunaipeleka kwenye folda. Picha za mzee zilipatikana nyingi, si zote. Mitihani mingi ilipotea na shule moja ikahamia steshenari nyingine, na siwalaumu. Laiti ningeizima ile mashine sekunde ile ile niliyogundua, na nisingeweka apdeti, labda TestDisk, programu ya kurudisha partisheni, ingeniokolea partisheni ya D na majina yake. Labda. Sitajua.

Kwa hiyo ukiwa na diski mbili chomoa waya wa ile usiyotaka kuigusa, ndo nyepesi kuliko zote. Usiamini sda wala sdb, hizo herufi zinafuata mpangilio wa siku hiyo tu, soma ukubwa na jina la diski, usome kwa sauti mteja akiwepo. Na bakapu inafanyika hata kama "hatuigusi".

4. Kabla hujazima Windows kwa mara ya mwisho.

Zima Fast Startup, ile ya Windows kuwaka haraka, la sivyo ukija kufungua ile partisheni ya Windows kutoka Linux inakugomea kuandika, unasoma tu. Angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, imewashwa, laptopu nyingi za miaka hii inajiwasha yenyewe mwenye mashine hana habari, hakikisha ufunguo wa kuokolea ameupata kwenye akaunti yake na ameuandika kwenye karatasi, ndo uguse Secure Boot, ulinzi wa kuwasha mashine. Nimeona mtu anaulizwa huo ufunguo wa tarakimu 48 asubuhi ya kuwasilisha ripoti.

5. Timeshift haibakapu kazi za mtu.

Hii naisema kila mara na bado mnaniletea kesi. Timeshift ni programu ya Mint inayolinda mfumo, apdeti ikiharibu unarudi nyuma, safi sana, iwasheni kwa kila mteja. Lakini ikiwa kama ilivyo haichukui folda ya nyumbani. Mwambie mteja hivyo, kwa maneno mepesi.

6. Fonti.

Mtu ameandika CV yake kwa Calibri, kaifungua kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, ukurasa mmoja umekuwa mmoja na mistari mitatu. Kwake yeye Linux imeharibu CV. Hakikisha fonti za Carlito na Caladea zipo, zinashika vipimo vya Calibri na Cambria, weka na zile fonti za Microsoft za Times New Roman na Arial, halafu ingia kwenye mipangilio uweke docx iwe ndo ya kawaida wakati wa kuhifadhi. Dakika tano. Hizo dakika tano ndo zinaamua kama mtu atabaki au atarudi kwa Windows ya kukraki wiki ijayo.

7. Usimhubirie mtu.

Mama wa Mbagala aliwahi kuniuliza Linux ni ya nani, nikaanza leseni, nikaanza uhuru wa programu, macho yake yakahamia barabarani. Siku hizi nasema simu yako ya Android ndani yake kuna Linux, ilianzishwa na kijana anaitwa Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, na watu wa dunia nzima wanaijenga hadi leo. Inatosha. Teminali, lile dirisha la kuandika amri, usimwonyeshe siku ya kwanza. Na usimpe mtu wa kawaida distro, yaani aina ya Linux, unayoipenda wewe kwa kuwa inakufanya uonekane fundi, mpe Mint, toleo la 22 lina apdeti mpaka 2029, menyu iko chini kushoto alikozoea kuikuta.

Akiuliza kuhusu Kiswahili msimcheke. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, nyie wengine mlikuwa bado mnanyonya. Natamani mmoja wenu aiendeleze kazi hiyo, na hili nalisema kwa moyo kabisa.

8. Rudi baada ya wiki moja.

Usisubiri akupigie, kwa sababu hapigi, anaenda kwa fundi mwingine na yule anampigia Windows. Pita mwenyewe, kaa nusu saa, mwache afanye kazi zake huku unaangalia mkono wake unakwama wapi. Mara nyingi ni kitu kidogo, skana haionekani, au hajui pa kuchomoa flashi. Hapo ndo kazi inakamilika, malipo yote usiyachukue kabla ya siku hiyo.

Mama bado anatumia Linux. Alikubali niipige tena, kwenye SSD safari hii, waya wa diski ya pili umechomolewa na yeye mwenyewe kaushika mkononi mpaka nikamaliza. Ana diski ya nje anabakapu kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga duka, anaiviringisha kwenye kipande cha kanga anaiweka kwenye mkoba anaondoka nayo nyumbani. Mwezi uliopita nilipita kumsalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikataka kuiangalia kama bado ina nafasi. Akaufunga mkoba akaniambia soma hapo kwenye kioo, namba zinaonekana.