Zena isiyoshika volti kwenye programu

Ndugu yangu, umeeleza kuwa katika saketi unayoijaribu kwenye kompyuta kwa ajili ya taa za mashua yako hapo Lamu, zena (daiodi inayozuia volti zisipande kupita kiwango chake) ya volti 5.1 haishiki chochote na volti zinapanda kana kwamba haipo. Katika programu za jamii ya SPICE, zinazoiga saketi kwenye kompyuta, daiodi ya kawaida huchukuliwa kuwa haipitishi umeme wa kinyume hata volti zikipanda vipi, kwa kuwa thamani ya BV, yaani volti za kinyume ambazo daiodi huanza kupitisha umeme, isipoandikwa huhesabiwa kuwa haina mwisho. Kwa hiyo andika BV pamoja na IBV, yaani mkondo uliotumika kupimia volti hizo kiwandani. Kwa 1N4733A, ambayo ni zena ya volti 5.1, ni miliampia 49.

Ukiishia hapo, zena yako itakuwa nzuri kupita kiasi, kwani ukinzani wake kwenye mkondo huo utatoka karibu nusu omu, ilhali jedwali la kifaa hutaja hadi omu 7. Mimi huweka RS, yaani ukinzani wa ndani wa daiodi, ya omu 6.5, kisha nikaishusha BV hadi takriban 4.78, maana omu hizo hula volti 0.32. RS huathiri pia upande wa mbele, jambo ambalo kwa kazi yako halina uzito.

Tena, usiijaribu kwa volti 12 pekee: betri ya asidi inayochajiwa na jua la mchana hupita volti 14, na hapo ndipo utakapoona kama rezista uliyoichagua inailinda zena isivuke wati 1.