Nilificha jina, nikaacha kibanda

Ijumaa iliyopita kijana wetu mmoja wa fildi kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliniletea ripoti ya kurasa 9 kuhusu mwenyekiti wa kitongoji aliyeuawa kwenye mgogoro wa malisho. Nikahesabu: "watu wasiojulikana" mara 14, jina la marehemu mara 3. Nikatoka kwenda kunywa chai Majengo nisije nikamtamkia mtoto wa watu neno baya. Kikombe cha pili nikakumbuka ripoti zangu mimi za mwanzo. Nikanyamaza.

Basi, wadogo zangu mnaoanza kukusanya kumbukumbu za mauaji ya viongozi, awe diwani wa upinzani au mzee anayetetea ardhi ya ukoo wake, shikeni haya.

1. "Watu wasiojulikana" si jina la ukoo. Hawajulikani na nani? Shahidi hakuwatambua, polisi hawajawataja, au wewe hukuuliza? Tundu Lissu alimiminiwa risasi hapa hapa Dodoma, Area D, mchana wa 7 Septemba 2017, ametoka bungeni. Alipona baada ya kutibiwa Nairobi na Ubelgiji, na mpaka leo sijaona mtu akipandishwa kizimbani kwa risasi zile. Tangu enzi hizo maneno hayo mawili tumeyafanya shuka la kufunikia kila kitu. Andika gari la rangi gani, walishuka wangapi, nani alikuwa anatoa amri. Na tafadhali, mtu aliyekatwa mapanga "hakufikwa na mauti". Godfrey Luena, diwani wa Namwawala kule Kilombero, aliyekuwa akipigia kelele uporaji wa ardhi, aliuawa Februari 2018. Aliuawa. Neno lipo, litumieni.

2. RB (karatasi ya kuripoti tukio polisi), PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali), ripoti ya postmotamu: piga picha, rudisha orijino kwa familia kabla hujanyanyuka kwenye mkeka.

3. Hapa ndipo penye kidonda changu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kijiji kimoja mbali na lami. Mwenyekiti wa kijiji, wa chama cha upinzani, alikuwa amekataa kusaini muhtasari wa mkutano unaogawa eneo la malisho. Wiki haikuisha, akaokotwa korongoni. Kila niliyemuuliza alikuwa shambani siku hiyo, hata wasio na mashamba. Aliyekubali kuongea ni mama mmoja muuza chai. Aliongea huku akigeuza vitumbua, macho hayatoki kwenye kikaango: pikipiki mbili, watu wanne, mmoja alikunywa chai pale kwake na kuuliza mwenyekiti hurudi saa ngapi. Nikamwambia, "Mama, jina lako halitatokea popote." Akasema, "Haya mwanangu, nakuamini."

Ahadi niliitimiza kwa herufi. Nikaandika: "Shahidi, mwanamke anayeuza chai kwenye kibanda cha mabati mkabala na mashine ya kusaga..." Kijiji kizima kina mashine moja. Mimi niliona nimeandika kwa ufundi, msomaji apate picha. Na picha waliipata.

Ripoti tukaizindua ukumbini, sambusa zikaliwa. Siku ya 12 nafika ofisini, yupo kwenye benchi la wageni na mfuko wa salfeti na mjukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulisema hutaandika jina langu. Kweli, hukuliandika."

Angenitukana ningepumua. Kibanda kilikuwa kimevunjwa usiku, na mtu alimwachia mwenye mashine salamu: mwambie mama chai tumeisoma. Bosi wangu wa wakati ule hakunifokea. Alinipa ripoti, akaniambia nisome aya ile kwa sauti mbele ya mama. Nikasoma. Nilipofika "kibanda cha mabati", akanikatiza kwa upole: "Si mabati, mwanangu. Lilikuwa turubai."

Yaani hata hilo nilikosea.

Hakurudi tena kijijini. Sasa hivi anauza chai hapa mjini, na huwa anakataa hela yangu. Nilivyojaribu kuiacha chini ya sahani, alimtuma mjukuu anirudishie stendi mbele za watu.

4. Msikimbilie sababu. Berta Cáceres, kiongozi wa jamii ya Lenca nchini Honduras aliyepinga bwawa kwenye mto Gualcarque, alipouawa Machi 2016, kauli za mwanzo zilikuwa za wizi na wivu wa mapenzi. Familia na wenzake waligoma kuzikubali. Mawasiliano ya simu yakachambuliwa, watu 7 wakatiwa hatiani mwaka 2018, na mwaka 2022 aliyekuwa rais wa kampuni ya bwawa akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na miezi 6. Huku kwetu nimeshasikia "ugomvi wa kilabuni" kwa marehemu ambaye maisha yake yote hakuonja hata togwa iliyochacha.

5. Faili la picha la asili liachwe lilivyo, msilipunguze, na mwili wa mtu usiende kwenye grupu la WhatsApp. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi alipouawa Nyololo, mkoani Iringa, 2 Septemba 2012, waandishi wenzake walikuwa na kamera pale pale. Askari mmoja alifungwa miaka 15. Hukumu yenyewe ilikuja 2016, tena ya kuua bila kukusudia, na wengi tulitafuna midomo. Lakini kesi ilifika mahakamani.

6. Rudini kwenye familia hata kama hamna jipya. Nendeni na sukari.

7. Rasimu ikiisha, mpe mtu wa wilaya ileile aliyekula kiapo cha siri kama sisi, asome akijaribu kumtambua shahidi. Akimtambua, futa. Siyo jina tu: kazi, ulemavu, idadi ya watoto, mti ulio mlangoni.

Kijana wetu alibisha kwamba ya kwake ni salama, shahidi kamwita "Mama X". Nikampa dereva wetu, mwenyeji wa kule. Alivaa miwani, akasoma mistari mitatu, akanyanyua kichwa:

"Kumbe huyu mama bado anafuga bata?"