Inchi mbili za ahadi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, ungelipa kupunguza mafuta ya mwili kwa mashine, bila kupasuliwa?" Nilikuwa napiga pasi kola, nikaiacha. Mimi ni fundi cherehani hapa Sinza, mwaka wa 19 huu. Kulipa au kutolipa ni shauri la mfuko wa mtu. Kinachonikera mimi ni tarehe. Nani amewaruhusu hawa watu wa mashine kumtajia mwanamke tarehe?

Nina mteja, mama wa makamo, binti yake alikuwa anaagwa. Sendofu Jumamosi, wiki tatu mbele. Alikuja na lesi ya Kariakoo rangi ya zambarau, nikampima kiuno: inchi 41. Kabla sijaandika akanishika mkono. "Fundi, andika 39." Nikadhani utani. Akarudishia mlango wa kibanda, akapandisha blauzi: mabaka mawili mekundu, moja kila ubavu, na akigusa hasikii kitu, ganzi tupu. Alikuwa ametoka saluni moja, siitaji, kugandishwa mafuta. Kikombe cha mashine kimeinyonya ile nyama uzembe na kuipiga baridi karibu saa nzima. Bibi zetu wangesema amepigwa chuku, ile pembe ya kuumikia. Na mwenye saluni naye akapiga chuku yake: "Wiki tatu tu mama, inchi mbili hizo zimekwenda."

Nikambembeleza. "Dada, nishone 41, zikipungua nitabana. Kubana hakunichukui muda." Akasema nikishona 41 ni kwamba namwombea mabaya. Neno hilo lilinichoma. Nikashona 39, ila, na hapa nakiri, niliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono kila upande, nikakifunika na bitana asikione.

Ijumaa jioni akaja kujaribu. Zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Yeye kavuta pumzi, mdogo wake anavuta zipu, mimi nimeshikilia lesi pande zote mbili isichanike. Tukapaka sabuni. Wapi! Mwisho akakaa kwenye stuli yangu, gauni likiwa wazi mgongoni, akalia bila sauti. Mdogo wake ndiye aliyeninong'oneza: baba wa bibi harusi anakuja kesho na mke mdogo, na meza kuu ni moja.

Sikuwa na la kusema. Niliwasha taa, nikachukua wembe, nikafumua hadi saa saba usiku. Asubuhi zipu ikapanda bila kelele. Nikamwambia tatizo lilikuwa bitana, niliikata ndogo mno. Mpaka leo anaamini ni bitana. Kama analisoma gazeti hili, dada yangu, nisamehe.

Sasa, nilipokaa kuandika nilitaka kusema ni utapeli mtupu, basi. Mpwa wangu muuguzi akanikatiza. Anasema baridi kweli huua seli za mafuta, kwa sababu mafuta hushindwa na baridi kabla ya ngozi. Madaktari wa Boston waliopata wazo hilo walianzia kwenye habari za watoto waliovimba mashavu kwa kumumunya lambalamba, na mashine yenyewe ikaruhusiwa Marekani mwaka 2010. Lakini seli zikishakufa, mwili huzisomba polepole, miezi miwili hadi minne. Na kinachopungua ni kama robo ya unene wa mafuta ya pale pale palipogandishwa, mizani haitikisiki. Kaka zetu wenye kitambi kigumu kama ngoma wasijisumbue: ya kwao yamekaa ndani, yamezunguka matumbo, kikombe hakiyafikii. Tena wako wachache ambao mafuta hufanya kinyume, yanakua na kuwa magumu. Linda Evangelista, mwanamitindo mkubwa yule, alisema hadharani mwaka 2021 kwamba yalimkuta.

Katika hayo yote, saluni ilimwambia mteja wangu lipi? Wiki tatu.

Alirudi mwezi wa nne baada ya shughuli, na kitenge. Nikampima: 39 na nusu. Nikapima tena. Huenda ni ile baridi. Huenda ni matembezi, maana siku hizi nawaona jioni yeye na wenzake wanapita na raba miguuni. Futi kamba haitaji sababu. Nikamtajia namba, akasema, "Shona unavyoona wewe, fundi."

Kwa hiyo jibu langu, ambalo nilipoanza lilikuwa hapana, limenilegea mkononi. Saluni ya mtaani, hapana, hapo sibadiliki. Daktari wa ngozi anayenitajia hatari kabla ya bei, labda. Nasema labda, na isiwe kuna harusi ndani ya miezi minne. Mimi mwenyewe tumbo halinisumbui, nimezaa watatu nalijua lilikotoka. Ila kuna hapa mgongoni, sidiria inapobana nyama ikatokeza juu yake, hata nikijishonea vipi haifichiki. Bei yake nimeshaulizia.